Na wenzake wako wapi?

Shangazi alivua ndala mlangoni.

Hakuna aliyemwambia avue. Sisi wengine tuliingia na viatu vyetu, simu mkononi, mimi bado nina vumbi la makaburini kwenye pindo la suruali maana tulikuwa tumemzika baba mkubwa juzi yake tu. Yeye akazipanga ndala zake pembeni ya ukuta, akakaza kitenge kiunoni, akatembea taratibu mpaka lilipo lile boksi la kioo, akakunja magoti nusu vile wamama wa kwetu wanavyosalimia mtu mkubwa, akasema:

"Kamwene."

Halafu akasubiri. Yaani alisubiri kweli, ule muda ambao unampa mtu aitikie salamu yako.

Pale makumbusho ya Kalenga wengi wenu mnapajua, mlipelekwa na shule. Mikuki, ngao, marungu, na fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu sisi Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo, dogo kuliko ulivyotegemea kwa jinsi lilivyosumbua mataifa. Mimi mara ya kwanza nilienda nikiwa darasa la tano, tulisukumana mlangoni, tukaambiwa tusiguse, na nilichobeba kichwani kurudi nacho nyumbani ni meno. Safari hii pia niliangalia meno kwanza. Sijui kwa nini macho yanaenda pale. Nadhani ni kwa sababu meno ndiyo sehemu pekee ya mfupa ambayo ulishawahi kuiona kwa mtu aliye hai, mtu akicheka unayaona, akila unayaona, kwa hiyo ukiyaona pale ndipo unashtuka kwamba hiki si kifaa, huyu ni mtu.

Kijana anayetembeza wageni alieleza vizuri sana, kwa utulivu, vita vya Lugalo, kisha ngome kuangushwa Oktoba 1894, kisha ile miaka karibu minne ya kuwindwa porini huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, mpaka alipofia Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Shangazi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza swali moja tu.

"Na wenzake wako wapi?"

Kijana akamjibu kwamba pale Mlambalasi ilikutwa miili miwili, wa Mtwa na wa kijana wake aliyebaki naye mpaka mwisho, na kwamba kiwiliwili kilizikwa hukohuko, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Shangazi akasema haya, asante baba. Akaenda kuvaa ndala zake.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Ila nilimwangalia shangazi usoni nikaona kwamba aliuliza kitu kingine.

Nimekaa na lile swali wiki saba sasa.

## Kilomita karibu 500

Baba mkubwa alifia Dar. Alikaa Dar zaidi ya miaka 40, watoto wake wote wamezaliwa Temeke, Kihehe chenyewe wanakisikia kwa mbali, na kwao kijijini hakuwa amejenga nyumba ya maana. Lakini alipokata roho hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza azikwe wapi. Lile swali halikuwepo. Grupu la WhatsApp lilifunguliwa usiku uleule, mmoja akasimamia jeneza, mmoja akasimamia gari, michango ikaanza kuingia kwenye simu, na kuna binamu yangu mmoja ambaye hali yake naijua, akatuma elfu tano, halafu baada ya saa moja nikaona jina lake tena, ametuma elfu tatu nyingine, sijui alizitoa wapi na sikumuuliza.

Tukasafiri usiku kucha, kosta nyuma ya gari la maiti. Kitonga tumepanda saa tisa usiku tukiwa nyuma ya malori kwa mwendo wa kinyonga, watu kimya, mtu mmoja anaimba pambio kwa sauti ya chini, na mimi naangalia taa nyekundu za lile gari la mbele nikiwaza kwamba kila senti ya watu wote hawa, wengine wenye madeni, imeenda kwenye jambo moja, mtu mmoja akalale kwao.

Nani kati yenu atashangaa? Hakuna. Tunachangishana, tunakopa, tunauza mbuzi, na mtu akizikwa na manispaa kwa kukosa ndugu habari yake tunaisimulia kwa sauti ya chini kama aibu ya mtaa mzima.

Ndiyo maana swali la shangazi lilinishika. Alikuwa amemzika kaka yake juzi. Alikuwa ametoka kumpokea mtu wake kutoka mbali, na sasa amesimama mbele ya mwingine aliyepokelewa kutoka mbali zaidi, na jambo la kwanza lililomjia ni kuuliza, huyu kafika, waliokuwa naye huko je?

## Namba ambayo nimekuwa nikiipita

Niliporudi Dar nikaanza kusoma upya stori ya lile fuvu. Ile ambayo wote tunaijua: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya kwanza, una vifungu 440, na kifungu cha 246 kinaiambia Ujerumani ndani ya miezi sita ikabidhi kwa serikali ya Mwingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kwenye kifungu hichohicho, sentensi ya kabla yake, wanaambiwa warudishe Msahafu wa Khalifa Othman uliochukuliwa Madina. Nimekisoma mara nyingi na kila mara natulia hapo. Msahafu wa Othman na kichwa cha mtu wa Kalenga, kwenye kifungu kimoja.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawana kitu kama hicho. Mwingereza naye, tusidanganyane, hakuwa na haraka wala hakuanza hiyo kazi kwa mapenzi tu, Horace Byatt aliyekuwa anaisimamia nchi hii baada ya Mjerumani kushindwa ndiye aliyependekeza fuvu lirudi, na hoja yake ilikuwa kuwashukuru Wahehe kwa msaada wao kwenye vita. Kisha jambo likalala mpaka akaja Gavana Edward Twining akaliamsha. Mwaka 1953 akaenda mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho la kule.

Sasa hapa kuna namba. Nilishaiona kabla. Nina hakika nilishaisoma zaidi ya mara moja na siku zote nikaipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani cha kijiji asichoshuka.

Lile jumba lilikuwa na mafuvu kama 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka kwenye koloni la Mjerumani la Afrika Mashariki. Twining akachagua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya hayo akachukua moja lililokuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililokuja 1954. Hilo ndilo alilokabidhiwa mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge. Hilo ndilo shangazi alilolisalimia.

84, toa moja.

83.

Ilikuwa kama saa tano usiku, feni inazunguka, jirani anaangalia mpira. Nikaifunga kompyuta nikaenda kusimama nje kwenye korido.

Hao ndio wenzake.

## Watu 83

Jaribuni kuiona hiyo namba. Darasa letu la tano tulikuwa wanafunzi zaidi ya 80, tulikaa watatu watatu kwenye dawati, mwalimu akiita majina asubuhi ilichukua dakika nyingi mpaka amalize. Ni darasa zima lile. Jaza madawati yote, halafu mtu mmoja anaitwa jina, anainuka, anaenda nyumbani, na wengine wote wanabaki wamekaa.

Na hawa si Wahehe peke yao. Koloni lile lilikuwa Tanganyika, Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwa hiyo kwenye kabati lile anaweza kuwepo mtu wa Unyamwezi, wa Uchagani, wa Ungoni, wa kule Musanze Rwanda, wa pwani. Wengine waliuawa vitani. Wengine walinyongwa. Na kuna wengi kwenye makusanyo ya wakati ule ambao hawakuuawa na mtu yeyote, walikufa kwao, wakaoshwa, wakaliliwa, wakazikwa na watu wao vizuri tu, halafu akapita mzungu mwenye kreti akafukua kaburi.

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Kwa sababu la vita unaweza ukalipa maelezo, vita ni vita, babu zetu nao hawakuwa malaika. La kaburi lina maelezo gani? Mimi nimetoka kumwaga udongo juu ya jeneza la baba mkubwa kwa mkono wangu. Najua ile sauti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile siku ya 1953 ilikuwa ndiyo siku yao. Kwa miaka zaidi ya 50, kwa ninavyojua, hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kule kutafuta mtu wa huku. Siku hiyo amekuja mkuu wa nchi mzima, wamefunguliwa milango, na ili apatikane yule mmoja ilibidi wapimwe na wenzake. Wakapimwa. Hakuwa wao.

## Kipimo

Hapa nikae kidogo kwa sababu nilikuwa sijawahi kuelewa walipima nini.

Ni kitu rahisi mno. Unachukua upana wa kichwa, kutoka juu ya sikio hili mpaka juu ya sikio lile, unaugawa kwa urefu wake kutoka paji la uso mpaka kisogoni, unazidisha kwa 100. Basi. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Zamani zile kulikuwa na watu Ulaya wenye vyeo vikubwa vya chuo kikuu walioamini kwamba namba hiyo inakueleza mtu ni wa kabila gani, ana akili kiasi gani, yuko ngazi ya ngapi ya ubinadamu. Na ili wapime walihitaji vichwa. Felix von Luschan pale Berlin aliwaomba maofisa na madaktari wa makoloni wamtumie mafuvu, nao wakamtumia, kwa maelfu, kutoka kila pembe ya dunia.

Kwa hiyo fikirini. Vichwa vya babu zetu vilikatwa na kufukuliwa ili vipimwe. Na nusu karne baadaye, mmoja wao alipotakiwa kurudi, alirudishwa kwa kipimo kilekile. Wajukuu zake walio hai Iringa wakapimwa vichwa vyao, halafu namba zikapelekwa kabatini kutafuta wa kufanana nazo.

Nikataka kujua hiyo namba inasema nini hasa. Jumamosi moja nikachukua vitabu viwili vigumu na rula, nikakaa chini, nikabana kichwa changu kati ya vitabu, mke wangu akapima nafasi iliyobaki katikati. Upana sentimita 14 na nusu, urefu 19. Inakuja 76. Akaja jirani yangu kuomba chaja, huyu ni Mdigo wa Tanga, ukoo wake wote ni wa kulekule pwani, nikamweleza ninachofanya akakubali. Upana 14, urefu 19 na nusu. 72. Tukapima na mtoto wa shangazi yuleyule, ambaye tukisimama pamoja watu wanatuita mapacha, tukapishana naye namba nne nzima.

Rula na vitabu vya nyumbani havina usahihi, najua. Lakini hata ungekuwa na kifaa cha chuma cha daktari, kipimo ambacho Mdigo na Mhehe wanapishana kidogo kama ndugu wa tumbo moja wanavyopishana, kinaweza kukuambia nini kuhusu ukoo wa mtu mmoja mahususi?

Na lile tundu la risasi. Ndiyo, Mtwa alijipiga risasi, ndivyo tunavyoijua. Sajini Merkl, Mjerumani aliyemkuta, alieleza kwamba waliona watu wawili wamelala chini wakawafyatulia, kumbe walikuwa wameshakufa. Kwa hiyo tundu lina maana. Lakini jamani, kwenye vita vya miaka ile, kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma, waliokufa kwa risasi za Mjerumani walikuwa mmoja?

## Nilitaka DNA

Usiku ule nilikuwa na hasira. Nikaandika kwenye simu, kwa herufi kubwa, KIPIMWE. Nilitaka niandike makala nyingine kabisa, makala ya kudai fuvu la Kalenga lipelekwe maabara, sampuli zichukuliwe kwa wajukuu, tumalize ubishi huu wa miaka 70 ambao kila mtu wa Iringa ameshausikia kwenye kilabu cha ulanzi, kwamba lile ni lenyewe, kwamba lile si lenyewe, kwamba Mwingereza alituletea kichwa chochote tu tunyamaze. Na mazingira yenyewe yanakusukuma huko. Mwaka 1954 Kenya inawaka moto wa Mau Mau, TANU inazaliwa Julai mwaka huohuo, na gavana anakuja na zawadi kubwa kwa watu wanaojulikana kwa kupigana. Ukitaka kumshuku una pa kuanzia.

Nilikaa na hilo wazo siku kama nne. Nililipenda. Nikamwambia hadi mtu wa kazini.

Kilichonirudisha ni magoti ya shangazi.

Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, foleni ya Tazara haiendi, na ile picha ikanijia bila kuitafuta, anavyokunja magoti na kusubiri aitikiwe. Nikajiuliza, haya, tuseme imepimwa na majibu yamesema siye. Tunafanyaje na yule? Tunamtoa kwenye kioo? Tunamwambia samahani tulikufananisha? Mtu amesalimiwa miaka 70, watu wamemvulia viatu, watoto wamemletea heshima zao, wazee wamelia mbele yake, halafu tumrudishe stoo kwa sababu amekosa jina?

Hiyo ndiyo Bremen 1953 tena. Tungekuwa tumempima, hakuwa yeye, tukamweka pembeni.

Na palepale kwenye daladala nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu ile saa tano ya usiku. Kama yule wa Kalenga ni Mtwa, basi wenzake 83 ndio hawajarudi. Na kama siye, basi ni mmoja wa wenzake, ni mtu wa huku huku aliyefika nyumbani kwa jina la mwingine, na Mtwa mwenyewe yumo kwenye wale 83.

Ukishika upande wowote, njia ni ileile. Ni kuwafuata wale.

Ubishi wa kilabuni umetushika miaka yote hii macho yakiwa kwenye boksi moja, tunauliza ni yeye au siye, ni yeye au siye, na swali la pili hata halijawahi kukaa mezani. Mimi mwenyewe, mtoto wa Iringa, nimeingia chumba kile mara mbili maishani na mara zote mbili sikuliuliza. Na la kumpima yule aliye Kalenga, wenye neno ni uzao wake. Mimi nimelifuta lile neno la herufi kubwa kwenye simu yangu.

## Akida

Kuna mahali fulani kazi hii imeshaanza, na nataka niieleze kwa sababu inaonyesha inawezekana.

Yale mafuvu ya von Luschan pale Berlin, sehemu ya Afrika Mashariki, yalichunguzwa kuanzia 2017. Yalikuwa 1,135. Wakafuatilia makaratasi, barua, maandishi yaliyochorwa kwenye mifupa yenyewe, wakapata kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 yalitoka Tanzania, 22 Kenya. Hawa ni wa Berlin, msiwachanganye na wale 84 wa Bremen, ni mji mwingine na kabati jingine.

Kule Uchagani familia ya Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, walikuwa wamemtafuta babu yao miaka mingi. Alinyongwa Old Moshi Machi 1900, siku moja na wengine 18, na kwao inajulikana kwamba kichwa kilichukuliwa. Watu wa koo za kule wakatoa sampuli. Septemba 2023 majibu yakatoka, watatu wamepata ndugu zao walio hai. Mangi Meli hakuwemo.

Aliyepatikana alikuwa mshauri wake. Kwenye fuvu lake lilikuwa limeandikwa neno moja, Akida.

Mnaona? Kwenda kumtafuta mkubwa, akapatikana mwenzake. Na hakuna aliyesema basi huyu siye, mrudisheni. Kuna familia leo Kilimanjaro inayojua kwamba babu yao ni yule, kwa sababu tu safari hii waliopimwa hawakuwa wa jina moja peke yake, na mlango uliachwa wazi kwa yeyote atakayefanana na yeyote.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akasimama Songea, pale kwenye makumbusho ya Majimaji, mbele ya wajukuu wa walionyongwa 1906 kwenye vita vya Majimaji, akaomba msamaha. Akaahidi watasaidia kumtafuta Nduna Songea Mbano, kiongozi wao kwenye vita vile, ambaye Wangoni wanasema kichwa chake nacho kilipelekwa huko. Nililia kidogo nilivyoangalia ile video, sioni haya kusema. Lakini sasa nikiiangalia tena nasikia lile swali la shangazi nyuma ya kila neno. Songea atafutwe, ndiyo, atafutwe kwa nguvu zote. Na wenzake?

Kwa sababu tukiwafuata kwa majina makubwa tu, Mkwawa, Meli, Songea, tutawapata wenye majina. Mkulima wa Ubena aliyefukuliwa kaburini hana mtu wa kumwandikia kifungu cha mkataba. Hata kumbukumbu yake kwa watu wake inaweza kuwa imeshakatika, wajukuu wapo lakini hawajui kama kuna wa kumdai. Huyo njia yake ya kurudi ni moja tu, arudi kwa sababu ni mtu wa huku, jina litafuata au lisifuate.

Tungemweka wapi? Sijapata jibu la kutosha lakini nimewaza sana. Nimewaza kaburi moja kubwa. Nimewaza chumba kama kile cha Kalenga. Kisha nakumbuka baba mkubwa tulivyomshusha, udongo mwekundu wa kwetu, mama mkubwa ameshikwa na wanawake wawili, na naona kaburi. Kwa kweli naona kaburi.

## Nilimpigia

Wiki iliyopita ndiyo nikampigia shangazi. Nilikuwa nachelewesha, sijui kwa nini, labda nilitaka kwanza niwe na kitu cha kumpelekea.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko, watoto wazima?"

Tukamaliza habari za watoto, za mahindi, za deni dogo lililobaki la msiba. Ndipo nikamuuliza, siku ile Kalenga ulipomuuliza yule kijana wenzake wako wapi, ulikuwa unamaanisha akina nani?

Akanyamaza kidogo. Nasikia kuku nyuma yake.

"Mwanangu, mtu akiingia bandani kwako usiku, banda limejaa, utaamini kachukua kuku mmoja?"

Hakuwa amesoma popote. Hakuwa anajua chochote cha Bremen, wala 1953, wala kipimo. Alimwangalia yule aliyeko kwenye kioo akajua kwamba waliofanya vile hawakufanya mara moja.

Nikamweleza. Nikamwambia walikuwa 84, akarudi mmoja. Aliniuliza kama walipimwa wote, nikasema wote. Akauliza, na rula? Nikasema kitu kama rula. Akauliza wakati wanapima kulikuwa na mtu wa huku amesimama pale, mtu wa kuwaambia neno hata kwa lugha yao. Nikamwambia aliyeenda ni gavana.

Kimya kingine, kirefu zaidi. Nikadhani laini imekata.

"Na wanawake wamo?"

Nilishindwa kujibu. Wiki saba nimekaa na watu hawa, nimewahesabu, nimewaona kwenye madawati, na wote niliwaona wanaume, wote na mikuki.

Shangazi akasema nitafute. Nikishajua nimpigie, hata kama ni usiku.